Barua kwa Mheshimiwa

Mzee aliyenipa karatasi ya kwanza ya serikali niliyowahi kuishika bila ruhusa alikuwa amebakiza miaka miwili tu astaafu. Alikuwa afisa masijala kwenye halmashauri moja ya Kanda ya Ziwa. Ofisi yake ilikuwa mwisho wa korido, chumba chenye kabati za chuma, majalada ya kahawia yaliyofungwa kwa kamba, na harufu ile ya karatasi iliyolowana masika na kukauka kiangazi, miaka nenda miaka rudi.

Ilikuwa mwanzoni mwa mwaka 2015. Nilikuwa mwandishi wa mkoani, wale wa kulipwa kwa kila habari inayotoka, isipotoka unakula ulichopanda. Nilikuwa nataka muhtasari wa kikao kimoja cha baraza la madiwani. Haikuwa siri ya jeshi. Kikao chenyewe nilikihudhuria, nimekaa kiti cha plastiki nyuma ya ukumbi, nikiwasikia waheshimiwa wakijadili nani apewe kizimba kwenye soko jipya. Kipaza sauti kilikuwa kinakatakata, na orodha ya waliopewa ilisomwa mbiombio kama msomaji ana basi la kuwahi. Nilitaka tu kuiona kwa maandishi, nisije nikaandika uongo.

Katibu muhtasi wa mkurugenzi akaniambia nilete barua. Nikaleta. Akasema barua lazima ipite kwa bosi wangu. Ikapita. Akasema mkurugenzi yuko safari, nije Jumatatu. Jumatatu ngapi zilipita sikumbuki, ila nakumbuka siku alipochoka kuniona akaniuliza, bila hasira hata kidogo, “Lakini dada, wewe umetumwa na nani?”

Lile swali limenikaa kichwani kwa zaidi ya miaka kumi. Kwa sababu jibu la kweli lilikuwa “sijatumwa na mtu”, na niliona wazi kwamba jibu hilo ndilo baya kuliko yote. Mtu aliyetumwa ana mwenyewe. Mtu asiyetumwa anataka nini na karatasi za watu?

Mzee wa masijala aliniona nikienda na kurudi kwenye ile korido. Siku moja akanikuta kwenye kibanda cha chipsi jirani na stendi, akaweka bahasha ya kaki chini ya sahani yangu, akaagiza soda, akainywa yote akiwa amesimama, akaondoka. Ndani kulikuwa na kivuli cha muhtasari, kurasa nne.

Habari ikatoka. Na mimi, kwa ujinga wa ujana na tamaa ya kuonyesha kwamba ninao ushahidi, nilimpelekea mhariri picha ya ukurasa wa pili. Mhariri akaichapa. Kwenye kona ya juu kulia ya ule ukurasa kulikuwa na namba ya folio iliyoandikwa kwa mkono, ile saba yenye kistari katikati, mwandiko ambao kila mtu kwenye jengo lile aliujua kama anavyoijua sauti ya mkewe.

Haikupita wiki tatu. Alihamishiwa kwenye ofisi ya kata moja ambako lami haijafika, kilomita nyingi kutoka nyumbani kwake, miaka miwili kabla ya kustaafu. Hakunipigia kunilaumu. Alinitumia ujumbe mmoja tu kwenye simu: “Habari nimeiona. Umeandika vizuri. Ila vizimba ni 31, siyo 37. Kivuli kilitoka vibaya.”

*

Miaka mitatu baadaye, Januari 2018, nilihamia Tacoma, jimbo la Washington, pwani ya magharibi ya Marekani. Nilimfuata mume wangu aliyekuwa amekwenda kusoma. Wale wanaodhani Washington ni pale anapokaa rais, hapana, hiyo ni nyingine, upande wa pili wa nchi. Hii ni ile ya mvua, misonobari na mlima Rainier, ambao watu wa huko wanauongelea kama sisi tunavyouongelea Kilimanjaro: “leo umetoka”, “leo umejificha”. Makao makuu ya jimbo ni Olympia, mji mdogo kuliko unavyotegemea, wenye jengo la Bunge lenye kuba kubwa la mawe linaloonekana kutoka mbali. Wabunge wa jimbo ni 147: maseneta 49 na wawakilishi 98. Hawa ndio wanaopanga kodi, shule, barabara na bei ya leseni ya udereva. Wale wa taifa, wanaoonekana kwenye taarifa za habari za dunia nzima, ni watu wengine kabisa.

Nilikuwa sina kazi, nina baridi, na nina mazoea mabaya ya kusoma kila gazeti ninalolikuta. Ndivyo nilivyoikuta asubuhi moja ya Februari, kwenye duka la vyakula, The Seattle Times ikiwa na tahariri ukurasa wa mbele. Sijawahi kuona gazeti kubwa likihamisha tahariri kutoka ndani na kuiweka pale inapokaa habari kuu. Siku hiyo hiyo magazeti mengine zaidi ya 10 ya jimbo lile yalifanya vivyo hivyo. Yote yalikuwa yanamwomba gavana asitie saini muswada mmoja. Nikalinunua nikaenda nalo nyumbani, nikakaa karibu na hita na kamusi ya sheria kwenye simu, nikaanza kuielewa nchi ya watu kupitia ugomvi wake.

Ugomvi wenyewe ulikuwa hivi. Mwaka 1972 wananchi wa Washington walipiga kura wenyewe, siyo kupitia wabunge, wakapitisha hoja namba 276, iliyokuja kuwa msingi wa Sheria ya Kumbukumbu za Umma. Asilimia 72 walisema ndiyo. Sheria ile inasema, kwa maneno yangu, kwamba wananchi hawajayasalimisha madaraka yao kwa ofisi wanazozilipa, na kwamba kuwapa watumishi kazi siyo kuwapa haki ya kuamua nini wananchi wajue. Ukiomba karatasi, ofisi ina siku tano za kazi za kukujibu. Kukujibu, siyo lazima kukupa zote. Lakini siyo kukuambia njoo Jumatatu. Huulizwi sababu. Huhitaji kuwa raia. Na ofisi ikikunyima kinyume cha sheria, mahakama inaweza kuitoza hadi dola 100 kwa siku.

Niliposoma kwamba huulizwi sababu, nilirudia ile sentensi mara tatu. Umetumwa na nani? Haiwahusu.

Sasa, kwa miaka mingi sheria ile ilimbana gavana, meya, polisi, bodi ya shule ya kijijini, hata watu wa idara ya maji. Waliokuwa wakisema haiwahusu ni wabunge wa jimbo. Nyani haoni kundule. Walikuwa wakishikilia marekebisho waliyoyafanya wenyewe mwaka 1995 kwenye tafsiri ya maneno, kwamba kalenda zao, ujumbe wao wa simu na baruapepe zao siyo “kumbukumbu za umma”. Mwaka 2017 waandishi wakaomba hizo kalenda na ujumbe, pamoja na malalamiko ya wafanyakazi kuhusu unyanyasaji wa kijinsia. Wakanyimwa. Septemba vyombo vya habari 10, vikiongozwa na Associated Press, vikaenda mahakamani. Tarehe 19 Januari 2018, siku chache baada ya mimi kutua na masanduku yangu, Jaji Chris Lanese wa kaunti ya Thurston akasema wazi: kila ofisi ya mbunge inabanwa na sheria ile.

Ungetegemea wakate rufaa tu. Walikata, lakini walifanya na jingine. Muswada namba 6617 uliletwa Jumatano tarehe 21 Februari. Ijumaa tarehe 23 ulikuwa umeshapita mabaraza yote mawili. Seneti 41 kwa 7, Baraza la Wawakilishi 83 kwa 14. Hakuna mjadala ukumbini, kura zenyewe zilichukua muda mfupi kuliko kupika ugali. Chama hiki na kile, ambao kwa mambo mengine hawawezi kukubaliana hata jua linachomozea wapi, siku hiyo walikuwa ndugu wa tumbo moja. Muswada uliwatoa kwenye sheria ya wananchi, na ukawatoa kwa kurudi nyuma, yaani hata yale yaliyokwisha ombwa.

Gavana Jay Inslee alipokea simu, barua na baruapepe karibu 20,000. Usiku wa tarehe 1 Machi akaukataa. Desemba 2019 Mahakama ya Juu ya jimbo, majaji saba dhidi ya wawili, ikasema ofisi ya mbunge mmoja mmoja ni ofisi ya umma kama nyingine. Kwa Bunge lenyewe kama taasisi, wajibu ni mwembamba zaidi.

Mimi niliyasoma yote hayo kama mtu anayesoma riwaya ya nchi asiyowahi kufika. Kwa sababu nilikuwa na Januari nyingine kichwani.

*

Tarehe 27 Januari 2016 nilikuwa kwenye chumba cha habari Dar es Salaam, safari hii nikiwa na mkataba. Runinga ilikuwa juu ya kabati, sauti imefunguliwa, maana ukiwa huna nauli ya Dodoma Bunge lilikuja kwako. Siku hiyo Waziri wa Habari, Nape Nnauye, alisimama akatangaza kwamba TBC haitarusha tena vikao vyote moja kwa moja, gharama ni kubwa. Wabunge wa upinzani wakagoma, polisi wakaingia ukumbini. Baada ya hapo mwananchi akabakiziwa kipindi cha usiku, “Leo katika Bunge”, kilichohaririwa. Fundi wetu wa mitambo, mtu asiyependa siasa kabisa, alisema neno moja: “Wametuzimia taa wao wakabaki wanakula.”

Tuwe wakweli, Hansard haikuzimwa. Ukiipata kwenye tovuti ya Bunge unaisoma kwa Kiswahili, neno kwa neno, na makofi yakiwa yameandikwa kwenye mabano. Mwaka huo huo tukapata Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa. Niliisoma kwa shauku, siku ile ile nilipopata nakala yake. Inampa mwenye taarifa siku 30. Inampa haki raia peke yake. Na mtumishi anayetoa taarifa iliyozuiliwa anaweza kufungwa. Nilifika kwenye hicho kifungu nikamuona mzee wangu wa masijala na soda yake.

Huko Olympia kinyume chake. Tangu mwaka 1995 wana kituo cha runinga, TVW, kinachoonyesha vikao na hata kamati, ile midogo ya watu saba wakijadili samaki. Unamuona mheshimiwa anavyokuna sikio. Lakini hadi juzi hukuweza kuona alichoandikiwa usiku ule na mwenye kampuni, wala alichomjibu. Sisi tulizimiwa picha tukaachiwa maandishi. Wao waliachiwa picha wakanyimwa maandishi. Mtu wa fasihi nadhani anajua kipi kibaya zaidi, ingawa sina uhakika na jibu langu mwenyewe.

*

Nilipata kazi kwenye kijarida kidogo cha jamii za wahamiaji, mshahara wa kuona haya kuutaja, nikaanza kuandika habari za kodi za nyumba. Kusini mwa Seattle, kwenye miji kama Kent, Tukwila na SeaTac, wapo Waswahili wengi: Wakenya, Watanzania, Warundi, na hasa Wakongo waliopitia kambi kabla ya kufika. Kila nyumba niliyoingia habari ilikuwa moja. Kodi imepanda, tena imepanda, tunahama.

Mwanzoni mwa 2024 kulikuwa na muswada wa kuweka kikomo cha kupandisha kodi, asilimia saba kwa mwaka. Februari ukapita Baraza la Wawakilishi. Ukafika Seneti, ukafia huko. (Sheria ya namna hiyo ilikuja kupita mwaka uliofuata, 2025, ikiwa na kikomo cha juu zaidi.) Nikataka kujua ulivyokufa. Nikakaa mezani, nikaandika ombi la aya moja: baruapepe zote za seneta fulani zenye neno kodi ya nyumba, kuanzia tarehe hii hadi tarehe hii. Niliandika jina langu, jina la Kisukuma lisilotamkika huko, nikiwa na pasipoti ya Tanzania kwenye droo. Nilipobonyeza kutuma mikono ilikuwa na jasho. Mume wangu akacheka: “Unaogopa nini, unaomba risiti?”

Siku ya nne majibu yakaja. Yametoka kwa afisa wa kumbukumbu, mwanamke, jina lake kamili liko chini, na namba ya simu ya mezani. Akasema ombi limepokelewa, kurasa zitakuja kwa awamu, awamu ya kwanza tarehe fulani. Na tarehe hiyo zikaja. Kurasa mia tatu na kitu.

Wasomaji wa hapa mtanielewa nikisema sijasoma kitabu kwa namna ile kwa muda mrefu. Nilikaa nazo usiku tatu. Ni riwaya ya barua isiyo na mwandishi. Kuna washawishi wanaoandika kwa adabu ya kutisha, “ilikuwa vizuri kukuona juzi”, halafu aya ya tatu ndiyo yenye mambo. Kuna msaidizi wa seneta, kijana inavyoonekana, anayejibu saa sita usiku na kukosea herufi kadiri wiki inavyozidi kwenda. Kuna bibi mmoja aliyeandika mara kumi na moja, kila mara akianza upya kujitambulisha, na barua ya kumi na mbili ilikuwa ya kushukuru kwa kadi ya rambirambi. Kuna mwenye nyumba mdogo, ana nyumba mbili tu, anayeeleza kwa hesabu za shilingi kwa shilingi (za kwao, dola) kwa nini asilimia saba itamwua, na nilimwamini.

Na kuna kurasa nyeusi. Mistari imefunikwa kwa wino, na pembeni imeandikwa kinga ya kibunge. Hiyo ndiyo njia mpya waliyoipata baada ya kushindwa mahakamani: wanasema katiba ya jimbo inayomlinda mbunge kwa anayoyasema kwenye mjadala inalinda pia mashauriano yake ya kimaandishi. Mwaka 2023 jaji mmoja wa Thurston alikubali kwamba kinga hiyo ipo. Si wabunge wote wanaitumia. Wa kwangu aliitumia mara sita. Ndiyo kusema kile nilichokuwa nakitafuta, ule usiku muswada ulipokufa, kilikuwa pengine chini ya wino ule. Nilijikuta napitisha kidole juu ya skrini kama mtu anayepapasa giza.

Lakini siyo kurasa nyeusi zilizoninyima usingizi. Ni ukurasa mmoja mweupe.

Ulikuwa barua ya mwanamke, Kiingereza chake kimenyooka vibaya, kile cha kupitishwa kwenye programu ya kutafsiri. Nilikijua Kiswahili kilichokuwa chini yake kama unavyoona mifupa ya mkono kwenye mwanga. Alieleza kwamba kodi imepandishwa, kwamba mwanawe wa pili hawezi kuhamishwa shule tena kwa sababu ya hali fulani, akaitaja hali hiyo, akataja na jambo lililompata barabarani kabla ya kufika kambini, jambo ambalo sitaliandika. Mwisho akaandika jina na namba ya nyumba. Ilikuwa jengo ninaloingia kila Jumamosi. Nilishakula kwake sombe.

Seneta hakumjibu. Angalau kwenye zile kurasa hakuna jibu.

Hapo nikaukumbuka utetezi wa wabunge wa 2018, ule niliousoma nikicheka karibu na hita: kwamba wananchi wenye shida hutuandikia mambo ya ndani, mkifungua masanduku yetu mtawafungua na wao. Nilikuwa nimeuona kama kisingizio. Na kwa kiasi kikubwa ulikuwa kisingizio, maana mtu anayetaka kumlinda mama yule anafuta jina lake, hafuti sheria nzima kwa siku mbili. Lakini ndiyo hivyo, mama yule nilikuwa naye mkononi, jina na namba ya nyumba, na mimi ndiye niliyeomba.

Kama mwandishi niliona habari imekaa. Mama mkimbizi, barua isiyojibiwa, muswada uliokufa. Mhariri angeniua kwa furaha. Jumamosi nikaenda kwake. Nilibeba na maandazi, kama mtu anayekwenda kuomba radhi kabla hajakosa.

Nilimweleza taratibu. Kwamba huku barua kwa mbunge ni ya umma, kwamba nimeisoma, kwamba ningependa kuitumia bila jina. Aliendelea kukunja nguo za watoto. Alikunja suruali tatu, nazikumbuka, moja ilikuwa na kiraka cha gari dogo gotini. Halafu akasema, bila kuniangalia:

“Mi niliandikia ule mama wa Bunge, dada. Haiko wewe.”

Nikasema najua, mama, ndiyo maana nimekuja kuuliza.

“Umekuja kuuliza nyuma ya kusoma.”

Sikuwa na jibu. Sina mpaka leo. Akaniwekea chai, maana ni mtu mwenye adabu zake, tukaongea habari za bei ya mchele wa basmati, na nilipoaga akanirudishia chombo cha maandazi kikiwa kimejazwa ndizi, kwa kuwa chombo hakirudi kitupu. Habari niliiandika bila barua yake. Ilitoka nyembamba. Bibi wa barua kumi na moja sikumtumia pia, ingawa hakuna aliyenikataza. Nilitumia za washawishi, kwa majina yao yote, na ile ya “ilikuwa vizuri kukuona juzi”, na nikataja kurasa sita nyeusi. Nilimwandikia pia yule afisa wa kumbukumbu kumuuliza kama kuna njia ya kufunika namba za nyumba za watu kabla ya kutuma. Akanijibu siku ya pili kwamba baadhi ya mambo sheria inaruhusu kufunikwa, mengi haiiruhusu ofisi kuamua, na kwamba hilo ni suala la kuwauliza wabunge. Ilibidi nicheke. Wabunge!

*

Mwezi uliopita nilimpigia mzee wa masijala. Namba ni ile ile. Amestaafu zamani, anafuga kuku, na kiunua mgongo chake, aliniambia kabla sijauliza, kilichelewa mwaka mzima kwa sababu jalada lake la utumishi lilikuwa halionekani. “Jalada langu mimi!” Alicheka mpaka akakohoa. Nilijaribu kwa mara nyingine kumwomba radhi kwa ile picha ya gazetini, akanikata kama anavyonikata siku zote, akaniuliza huko kwa watu ninafanya nini sasa.

Nikamweleza. Nikamwambia kuhusu siku tano, kuhusu kurasa mia tatu na kitu zilizokuja bila bahasha ya kaki.

“Na huyo aliyekupa,” akauliza, “hajapata uhamisho?”

“Hapana, shikamoo nyingi, ndiyo kazi yake. Jina lake liko chini ya barua.”

“Jina kamili?”

“Kamili. Na simu ya mezani.”

Akanyamaza kidogo. Nyuma yake nilisikia kuku, na mtu akimwita babu. Kisha akataka kujua hizo karatasi wanazipa namba za folio, au wanaziacha hivyo hivyo tu.